Mzinga Mtupu

Jirani yangu hapa Misunkumilo amewasha magome makavu kufukuza siafu, na moshi umeingia dirishani. Nimekunja mikono ya shati kuiangalia ngozi.

Baba alikuwa mrina asali. Nyuki walishaniuma porini hadi koo likakaribia kuziba, na tangu hapo mizinga haikusogezwa nyumbani. Siku moja alileta mzinga mkuukuu wa gome, mtupu, akauweka uani. Sisimizi walikuwa wamehamia ndani, akawasha kienge, mwenge uleule wa magome aliotumia kurinia asali, awafukuze.

Moshi ulinikuta nachambua maharage. Mikono ikaanza kuniwasha, vipele vikainuka, kifua kikapiga mluzi.

"Hakuna nyuki hapa, mwanangu," baba alisema, akauinamisha mzinga nione ndani. "Angalia mwenyewe. Hata mmoja."

Niliangalia, nikamwamini. Midomo ikazidi kuvimba.

"Mtoto anavimba kwa moshi na wewe unamwonyesha mzinga," mama alisema. "Zima hicho kitu."

Alinifunika uso kwa khanga yake yenye harufu ya sabuni ya mche, akakimbia na mimi hadi kwenye mihogo, kwenye upepo. Pumzi ilirudi kidogo kidogo. Tuliporudi, baba alikuwa ameupasua mzinga kwa shoka na anafukia vipande, maana hakuthubutu kuvichoma.

"Hakuna nyuki hapa," najiambia sasa, taratibu, kama alivyosema yeye.

Kipele cha kwanza kimeshatokea karibu na kiwiko.