Mama yangu analala ndani ya pensheni yetu

Admin, jina langu liache nje tafadhali, wateja wetu wanafuata hii page. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, Mkenya, naishi hapa London, pande za Hayes. Nina binti mmoja na duka la vyakula vya nyumbani. Naandika nikiwa nyuma ya kaunta, na kila mara mlango unapofunguliwa nageuka kuangalia ni nani.

Jengo la duka si letu moja kwa moja. Mimi na mume wangu tuna mfuko wa pensheni tunaousimamia wenyewe, na huo mfuko ndio ulionunua jengo. Sisi tunaulipa kodi ya pango kama wapangaji wengine, na tukizeeka ndio tegemeo letu pekee. Sheria ya hapa inauruhusu mfuko kumiliki duka, ofisi au ghala. Makazi ni shida, na mtu wa familia kulala humo ndiyo balaa yenyewe. Ikijulikana, serikali inatoza kodi ya adhabu inayoweza kula sehemu kubwa ya akiba. Tulielezwa haya yote siku ya kununua, tukaitikia kwa vichwa kama wanafunzi wazuri.

Halafu mama yangu mzazi akaja kututembelea kutoka Kakamega. Watu wa kwetu mtanielewa: mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Ni mwiko. Jioni ya kwanza alikaa kwenye ngazi za nje na koti lake, baridi ikimtafuna, mume wangu akimsihi aingie. Mama akageuza uso pembeni, akaniambia mimi, "Mwambie mkwe wangu ni mtoto mzuri. Ndiyo maana siwezi kumvunjia heshima."

Hoteli hatungeimudu. Nikamtandikia godoro ghorofani juu ya duka, tunapoweka magunia ya unga. Nilisema ni siku chache tu. Sasa huko juu kuna pazia, jiko dogo la umeme, Biblia yake, na sukuma wiki aliyoipanda kwenye ndoo dirishani. Tarehe ya tiketi yake ya kurudi bado iko mbali.

Juzi kampuni inayotutunzia hesabu za mfuko ilipiga simu. Ijumaa mkaguzi anakuja kukadiria thamani ya jengo, na ataingia kila chumba. Nilijibu "no problem", nikakata simu.

Mume wangu aliposikia alikaa kitako juu ya kreti ya soda. "Mke wangu, toa kila kitu huko juu," akasema. "Mama aje kwetu, mimi nitalala kwenye van." Nilipompelekea mama maneno hayo, alikataa katakata. Nyumba ni ya mkwe hata kama mwenyewe amelala nje. Binti yetu, aliyezaliwa hapa, hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake: "Mum, just tell them the truth." Ni rahisi kwake, uzee bado hajauona.

Naogopa, jamani. Hata tukisafisha chumba, mama ameshalala humo, na sijui kama kukiri mapema kutapunguza adhabu au ndiko kujichongea.

Leo asubuhi nilipanda juu kumwambia afunge mizigo. Nikamkuta ameshakunja shuka zake, ameketi juu ya gunia na mkoba mapajani. Akaniuliza taratibu, "Huyo mtu akinikuta hapa akauliza ninalala wapi, nimjibu nini? Mimi uongo sikukufunza wewe, mwanangu. Sitauanza uzeeni." Nikashuka kufungua duka.

Wenye kujua sheria na wenye kujua mila, nishaurini kwa upole. Mkaguzi nimwambie ukweli, au ninyamaze niombe Mungu? Na lolote mtakaloniambia, niambieni na hili: Ijumaa usiku, mama yangu alale wapi?