Makala ya Alhamisi

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, sisi wa chumba cha dharura hapa Thika tulisoma makala moja ya utafiti mpya. Aliyelianzisha jambo hilo ni muuguzi wetu mkuu, tuliyemwita Sister. Alichapisha nakala, akazipiga mistari kwa kalamu nyekundu, akatugawia. Mimi, afisa wa kliniki mwenye miaka kumi na minane kazini, nilijiona nimeshaijua kazi. Nilikaa nyuma nikisinzia.

Jumatatu moja asubuhi mama mmoja kutoka Ngoliba aliingia mbio na bintiye wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa akiwaka kwa homa, nyayo zake baridi, pumzi za haraka.

"Daktari, nisaidie. Tangu alfajiri hata hanijui."

Nilimwekea dripu, nikanyoosha mkono niifungulie yote. Sister akanishika.

"Pole pole."

"Sister, mtoto anazimika!"

"Hajahara, hajatapika. Angalia hivi viganja, ni vyeupe kabisa. Huyu anataka damu. Ukimmiminia maji yote hayo, moyo utalemewa. Si tulisoma hii juzi?"

Nilikuwepo, na sikuwa nimesikia neno. Niliona haya mbele ya yule mama. Nikapunguza dripu. Tukampa oksijeni na dawa ya malaria, tukakimbiza sampuli maabara, na kabla ya adhuhuri damu ilikuwa ikiingia. Saa kumi mtoto alifumbua macho, akaitisha uji. Mamake aliketi sakafuni akalia.

Nilitoka nje, nikasimama karibu na sinki. Nilimkumbuka mvulana mwingine, miaka ya nyuma, nilipokuwa nikifanya kazi Ruiru. Homa ileile, miguu baridi vilevile. Nilimfungulia dripu yote, nikajisifu kwa wepesi wangu. Asubuhi iliyofuata alikufa.

Sister alipokuja kunawa, nilimwambia.

"Ulimpa kile ulifundishwa," akasema.

"Na kama ndicho kilimuua?"

Alinawa muda mrefu, hadi kwenye viwiko.

"Hatutawahi kujua. Mimi pia niko na wangu niliowafungulia hivyo. Wawili."

Tukaitwa ndani.

Jioni ile nilimwomba makala ya wiki hiyo mapema. Nilienda nayo nyumbani Ngoingwa, nikaisoma mara tatu, maana mara mbili za kwanza sikuielewa.