Kuitegea Nyota

Zamani watu wa Mkunya walisoma saa angani wakienda kuchota maji bondeni; siku hizi wanaisoma kwenye simu, na maji bado ni ya kugombania.

Nikolao hakuwa mtu wa kujifungia na televisheni. Akishamaliza ugali wake wa muhogo, alitoa uani darubini ndogo aliyoachiwa na Mwalimu Barnaba alipohamia Masasi, akaisimamisha juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Shikamoo, mzee," Sultani, jirani yake, alimtania akipita. "Unatafuta mtandao?"

"Marahaba. Natafuta adabu zenu, zimepotelea huko juu."

Alichotafuta ni nyota kali ya kusini, ile inayosimama juu ya bonde la Ruvuma majira ya kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Kwa macho ni moja. Ndani ya darubini zilikuwa mbili, zimekaribiana kama punje za mtama. Alitaka mkewe, Getrude, azione kabla ukungu haujayafunga macho yake. Tayari alikuwa akipapasa ukuta kwenda jikoni.

"Mama Huruma, njoo upesi!"

Getrude akajikongoja na magoti yake mabovu, akainama. "Naona giza tu."

Nikolao akachungulia, nyota haipo. "Umeisukuma na pua." Akaitafuta tena, akampisha.

Safari hii Getrude aliweka mikono mgongoni, hakugusa kitu. "Giza."

 Moyoni Nikolao aliamini amechelewa, macho ya mkewe yamekwisha.

"Baba Huruma, hiyo nyota inatembea?"

"Kila cha angani kinatembea."

"Basi mbona unaifukuza? Mimi mpaka niiname, imeshapita. Kule bondeni tulikuwa tunafukuza maji? Unachimbua mchanga, unakaa na kata yako, yanakuja yenyewe. Itegee."

Nikolao akaisogeza darubini mbele kidogo, upande nyota inakoelekea, mahali pasipo na kitu. Getrude akaweka jicho, akangoja kama alivyokuwa akingoja usichanani, amechuchumaa kisimani na mama yake.

"Kunapambazuka pembeni," alisema. "Inakuja... Yalaa! Ziko mbili! Mmoja anang'aa, mwenzake amechoka kidogo."

"Aliyechoka ndiye mimi."

"Wewe hujachoka, una hasira tu."

Msimu uliofuata ukungu uliyafunga kabisa macho ya Getrude. Hata hivyo kila jioni Getrude alitoka na mkeka wake.

Mara ya mwisho Nikolao alipoziona, mkewe alikuwa amekaa miguuni pake, mkono umeshika kifundo cha mguu wa mumewe.

"Zimefika?"

"Bado."

Wakangoja.

"Sasa?"

"Zimefika."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, Mama Huruma."

Hakuisogeza darubini. Aliziacha zipite polepole, mpaka zikatoka.