Ubao wa Tatu Kutoka Chini

Jumamosi ile haijanitoka kichwani, mjukuu wangu, na kwa kuwa umeamua kwenda ziwani kujifunza kuunda mashua, kaa nikuambie. Sikuzuii. Mimi pia nilitoka hapa hapa Sironga, miaka michache baada ya uhuru, nikawaacha ndugu zangu wakipanda majani chai, nikateremka hadi Kendu Bay, kule ziwani. Wee! Ukishaona mbao zilizonyooka zikikubali kupinda, na tanga likijaa upepo mara ya kwanza, shamba halikuiti tena.

Aliyenifundisha ni Fundi Ogola, Mjaluo mpenda masihara. Aliniita Mtu wa Ndizi, kwa kuwa nilitoka huku milimani kwenye migomba. Mwaka wa tatu aliniachia mashua niiunde peke yangu. Sharti lake lilikuwa moja tu: aliyeiunda ndiye anayeipanda wa kwanza, mwenye mali baadaye.

Ubao wa tatu kutoka chini ulipasuka nikiupigilia misumari. Kuung'oa kungenipotezea wiki nzima, na sikutaka kuchekwa. Nikaujaza ule ufa pamba na lami, nikapaka rangi ya buluu juu yake. Fundi alikuwa na desturi ya kupapasa kila ubao kwa kiganja. Mara hii hakupapasa.

"Kazi ya Mtu wa Ndizi siikagui tena," alisema, akacheka. Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Siku ya kuishusha majini ikaangukia Jumamosi. Nilipoyaona mawimbi nikaukumbuka ule ufa, na kuogelea sikujua. Na mimi, Msabato niliyekuwa nimepiga randa Jumamosi ngapi bila haya, nikasema, "Fundi, leo ni Sabato. Siwezi kupanda."

Aliniamini! "Basi sikugombanishi na Mungu wako," akasema. "Nitapanda kwa niaba yako."

Akavua akala zake za mpira wa gari, akaniachia nimshikie. Neno moja tu lilitakiwa, mwanangu. Mimi nikawa napangusa mchanga kwenye zile akala. Mashua ilikwenda vizuri, tena vizuri mno, watu ufuoni wakapiga vigelegele. Ilipofika mbali ikaanza kulala ubavu. Wavuvi walimleta Fundi jioni, amekwisha kufa.

Mjane wake alinishika mikono miwili akaniambia nimshukuru Mungu aliyeniokoa. Huku nyumbani nikaitwa mbele ya kanisa kushuhudia jinsi Sabato ilivyonilinda. Nikashuhudia! Watu wakaitikia amina, na mimi nikarudi kuketi. Sijashika randa tena, ingawa harufu ya mbao mbichi ikinipitia bado nasimama njiani.

Sasa sikiliza. Ubao ukikupasukia, sema siku hiyo hiyo. Uchekwe, utukanwe, ufukuzwe kazi, lakini sema. Na usimtaje Mungu pale unapoficha kosa la mikono yako. Mashua utakayoiunda uipande wewe kwanza, na ukiogopa kuipanda, usimwachie mtu mwingine.

Akala za Fundi hizi hapa, nimezificha darini miaka yote. Wajukuu wake bado wanaunda mashua pale pale. Wape, uwaambie habari ya ubao wa tatu. Naam, hata hili nakutuma wewe, babu yako mwoga ni yule yule.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mikono ya Ogola, na mdomo usiofanana na wangu.