Siku ya Donati Mama Aliponiita Dada

Ilikuwa siku ya Arafa, kesho yake Idi kubwa, nami nimesimama jikoni kwangu Mtopanga nikikisoma kikopo cha glita kwa mara ya nne. Kikopo chenyewe kidogo, kinaenea kiganjani, na maandishi yake madogo zaidi. Mwenye duka la vifaa vya keki pale Kongowea alikuwa ameniambia kwamba glita ziko za aina mbili: ya kuliwa, na ya kupambia tu, ambayo haina sumu lakini haifai kuliwa. Nikamuuliza mtu atapambaje donati kwa kitu kisicholiwa. Akasema wateja wengi humuuliza hivyo hivyo, akaendelea kufunga mizigo yake. Nilipofika nyumbani sikuwa na hakika tena ni ipi aliyonitilia kwenye mfuko. Kikopo kiliandikwa "haina sumu", na hilo halikunituliza hata kidogo. Neno "kuliwa" nililipata baadaye, chini kabisa, pembeni ya kibandiko cha bei.

Sikuwa mzoefu wa donati. Miaka yote, Idi ikikaribia, mimi hupika mahamri na visheti, basi. Lakini watoto wa binamu zangu kule Likoni walikuwa wameziona kwenye simu, donati zinazometameta kama vito, wakaniagizia kupitia kwa baba zao. Nikaona si kitu, unga ni unga. Nikakanda kwa hamira, nikakata kwa gilasi na kizibo cha chupa, nikachoma kwenye karai la mafuta, nikazitandaza juu ya meza zipoe. Zilizokuwa bado moto zilikataa kupambwa. Sukari ya unga niliyoikoroga kwa maziwa iliteleza yote ikafika mezani.

Mama alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, leso mabegani. Ana miaka miwili sasa anaishi nami, tangu alipoanza kusahau. Alianza kwa kusahau jiko likiwaka, kisha akasahau njia ya nyumbani kwake Mjambere, nyumba aliyokaa kwa miaka mingi. Siku nyingine yuko sawa kabisa, anauliza bei ya nazi na kukosoa mchuzi wangu. Siku nyingine anakaa mahali ambapo mimi simo. Mikono yake lakini haijasahau kazi. Nilimpa bakuli la chembe za sukari za rangi, akaanza kuzinyunyiza juu ya donati kwa vidole vitatu, taratibu, kama anayetia ufuta kwenye mkate wa mofa. Zake zilitoka nzuri kuliko zangu.

Nilipofungua kikopo cha glita, akachovya kidole, akajipaka kwenye kope.

"Hii ni ya mato," akasema. "Ya biharusi."

"Ni ya donati, mama."

Akaniangalia sana. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo siijui, "Dada, mbona yana hukuya? Nimekungoja."

Tulikuwa wawili tu jikoni. Dada yake alikuwa mmoja, mkubwa wake, ndiye mama yangu mkubwa, aliyekuwa akikaa Likoni na ambaye alifariki mimi nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Watu wamezoea kusema nimefanana naye. Hakuna aliyelishangaa hilo, maana wao wawili walikuwa wamefanana.

Daktari alikuwa ametuambia tusimbishie. Kwa hiyo nikajibu, "Jana nilikuwa na kazi nyingi. Nisamehe."

"Haidhuru. Mwanao amekula, amelala. Usiwe na wasiwasi."

Hilo nalo halikunishtua. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto, na mama mkubwa aliniita mwanangu mpaka siku ya mwisho. Nikacheka kidogo, nikamuuliza, "Mwanangu yupi?"

"Huyu ulonipa."

Mkono wangu ulikuwa juu ya donati, na kikopo kikainama. Glita yote ikamwagika mahali pamoja.

"Niliyekupa?" nikauliza.

"Hajui kitu. Nami simwambii, kama tulivyoagana." Alisema hivyo huku akipanga chembe za rangi pembezoni mwa donati, bila haraka. "Mtilie ya waridi. Yeye apenda waridi."

Nilitaka kumuuliza mambo kumi na sikujua nimuulize kama nani. Nikiuliza kama mimi, atanyamaza. Nikiuliza kama dada yake, nitakuwa namwibia mgonjwa. Na jambo la kijinga ni kwamba akili yangu ilishika lile la waridi. Je, nilipenda waridi utotoni? Nikajaribu kukumbuka magauni yangu ya Idi, ambayo mengi alinishonea huyo huyo mama mkubwa, na sikuweza kukumbuka rangi ya hata moja.

Mama aliichukua ile donati iliyomwagikiwa, akaila yote. Mimi nilikuwa nimefunga, sikuweza hata kuionja. Midomo yake ikawa inang'aa, kope zinang'aa, na akaniomba maji kwa sauti yake ya kawaida, akaniita kwa jina langu.

Siku ya Idi, baada ya sala, akaja mjomba kutoka Likoni. Ndiye aliyebaki katika ndugu zao, na ndiye angepeleka sahani ya donati kwa watoto. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akala pilau, akazungumza na mama ambaye siku hiyo alimtambua vizuri. Nilipokuwa nikifunika sahani nikamwomba aje jikoni. Nikamweleza kila neno.

Akavuta kiti.

"Mwanangu," akasema, "mamako ni mgonjwa."

"Najua, mjomba. Lakini mgonjwa hutoa wapi maneno kama hayo?"

Akakunja kofia yake mara mbili. Akaniambia kwamba mwaka niliozaliwa yeye alikuwa akifanya kazi Changamwe, akilala huko huko, akirudi Likoni mwisho wa mwezi. Dada zake wote wawili walikuwa wajawazito na walikuwa wakikaa nyumba moja, kwa mama mkubwa, ili wasaidiane. Mwezi mmoja aliporudi alikuta mtoto mmoja na kaburi moja.

Kwamba mama mkubwa aliwahi kuzika kichanga nilijua. Ilisemwa mbele yangu mara nyingi. Kwamba ilikuwa mwezi ule ule niliozaliwa mimi, hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

"Nani alikuwa amenipakata ulipofika?" nikamuuliza.

Alifikiri sana. Niliona anatafuta kweli, hanifichi.

"Walikuwa wakipokezana," akasema. "Mmoja alikuwa na homa, mwenzake akawa ananyonyesha. Nani alikuwa na homa sikumbuki. Nilikuwa kijana, chumba cha waliojifungua hatuingii. Niliambiwa ni mtoto wa mdogo, na wa mkubwa amefariki. Nikatoa pole hapa, nikatoa pongezi pale. Mkubwa alikuwa na wavulana wawili tayari, na mdogo miaka saba ya ndoa hana kitu. Sikuuliza. Wewe ungeuliza?"

"Sasa nauliza."

"Sasa wa kujibu ni mmoja, nawe waona alivyo."

Akabeba sahani yake akaenda kupanda feri. Jioni binamu yangu mkubwa, mwana wa mama mkubwa, akanipigia simu kusema watoto wamemaliza zote na meno yao yanametameta, na mama yao anauliza kama ile glita kweli huliwa. Nikamwambia ndiyo, imeandikwa chini ya kikopo. "Basi ahsante sana, dada," akasema. Ameniita dada tangu nijue kusikia. Nilishika simu nikitafuta katika sauti yake kitu ambacho sikujua kinafananaje, na yeye akadhani laini imekatika.

Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la mama. Nimekitoa na kukiangalia, lakini najua vyeti huandikwa kwa maneno ya waliofika ofisini. Najua pia siku hizi kuna vipimo. Nimeulizia, sijaenda. Kuna siku naona nina haki ya kujua, na kuna siku naona kwamba aliyeninyonyesha ni mama na aliyenilea ni mama, kwa hiyo hakuna ninachokitafuta. Mawazo hayo mawili hunijia asubuhi moja, la kwanza nikipiga mswaki, la pili nikichemsha chai.

Mara moja tu nimejaribu. Mama alikuwa ameamka vizuri, nikamuuliza nilizaliwa wapi. "Likoni, kwa dada yangu," akasema bila kusita, na hilo laweza kuwa jibu la upande wowote. Nikamuuliza kama kuzaa kulimuuma. Akasema, "Kuna asiyeumwa?"

Wiki mbili baada ya Idi nilimpeleka kupimwa presha. Nesi, binti mdogo mwenye adabu, alikuwa akijaza kadi mpya. Akauliza jina, umri, tunapokaa. Kisha akanyanyua uso. "Na huyu ni nani wako?"

Nilisema, "Mama yangu," na wakati huo huo mama akasema, "Dada yangu."

Nesi akatutazama, kalamu ikingoja. Mimi nikamtazama mama. Alikuwa ametulia, mkono wake ndani ya wangu. Nesi akaandika la kwangu, akatuonyesha benchi la kungojea.