Ubani wa Nyanya

Binti yangu wa mwaka na nusu alimjua nyanyake kwa simu ya video tu. Tulipofika Muyeye siku moja kabla ya Idi, mama alitoka mlangoni amevaa buibui jipya, akanyoosha mikono. Mtoto akapiga ukelele, akajificha shingoni mwangu.

"Ananikataa!" mama akasema, machozi yakimlengalenga. "Huko njiani mtu kamsifu na hakusema mashallah. Huyu kapigwa jicho."

"Amechoka, mama. Tumetoka Nairobi alfajiri."

"Wewe na elimu yako!"

Akaenda kutia ubani kwenye chetezo. Buibui alilivua lisirukiwe na cheche, akarudi amejifunga leso yake kuukuu ya manjano, ileile anayokuwa nayo kila tunapompigia simu. Hakuwahi kukizungusha chetezo kichwani mwa mtoto hata mara moja. Mtoto alikwisha kumnyooshea mikono.

"Waona?" akaniambia, akimpakata. "Moshi tu umetosha."

Nilikuwa na jibu, nalo lilihusu leso. Lakini mama alikuwa akicheka, mtoto akimvuta sikio, nikaenda kuingiza mizigo.