Gari Lililozimika Getini

Shangazi yangu ni msusi, na kwa mikono hana mpinzani. Kwa mambo ya mkopo, Mungu amsaidie. Alinunua gari ili awafuate wateja majumbani, akaweka saluni yake rehani, akasaini bila kusoma kwa sababu bosi wa mikopo alimwita "mama yangu" na kumpa soda baridi. Tangu hapo akawa analipa, na deni linanenepa. Riba ya watu wale haina haya hata kidogo.

Gari lenyewe walilifunga kifaa: ukichelewa kulipa, injini inazima na magurudumu yanakaza, halisukumiki. Siku ya kutoa funguo bosi alijigamba kwamba hata yeye hawezi kulifungua.

"Mpaka hela iingie, mama yangu. Mashine haijui undugu."

Mwezi uliopita zikabaki siku chache saluni ichukuliwe. Shangazi akamwacha mwalimu mmoja katikati ya msuko, aende kuwaomba wachukue gari wamwachie saluni. Mwalimu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akakataa kubaki. "Ukikamatwa huko, nitamaliziwa na nani?" Tukaenda wote watatu, mimi nyuma nimeshika vitana.

Muda wa kulipa rejesho ulikwisha tukiwa tunaingia ofisini kwao. Gari likazima katikati ya geti, pua ndani, mkia nje.

Mlinzi akasukuma. Makarani wakasukuma. Bosi akatoka mbio na begi la safari. Ana ndege ya kuwahi, gari lake limefungiwa ndani, na mtaa ule teksi haipatikani.

"Mama, toa gari!"

"Nilitoeje, mwanangu? Si mmelizima nyinyi?"

Karani mmoja akanong'ona, "Bosi, si umlipie tu?"

"Mimi? Nimlipie mdaiwa? Nitachekwa mji mzima!"

Akampigia simu fundi wa mitambo. Sauti ikajibu bila huruma: mpaka hela iingie. Mwalimu akacheka mpaka Shangazi akamwambia atulize kichwa, maana alikuwa ameshaanza kumsuka palepale kiti cha mbele. Keshia naye akaja kushangaa, akauliza bei ya mtindo ule, akaingia nyuma kungoja zamu. Nikasogea apate pa kukaa.

Bosi jasho lilimtoka. "Unataka nini, mama?"

"Saluni yangu. Gari chukueni."

Ilimuuma, lakini ndege haibembelezeki. Akaleta hati ya saluni, akaandika kwa mkono wake kwamba deni limefutwa, karani akalifuta kwenye kompyuta, muhuri ukagongwa juu ya boneti. Shangazi akampa funguo, akaikumbatia hati, akalia. Nami nililia, sioni aibu kusema.

Tukashuka. Bosi akaingia, akawasha. Kimya. Akapiga simu tena, na fundi akamweleza kwamba gari hufunguka deni likilipwa.

"Basi nalipa mimi! Sasa hivi!"

"Ulipe deni gani, bosi? Hapa naona gari halidaiwi."

Tulikuwa tumeshafika barabarani tuliposikia viatu vyake nyuma yetu.

"Mama yangu, rudi! Nakusihi, kopa hata kidogo tu!"

Shangazi hakugeuka. Alikuwa akimmalizia mwalimu msuko wa mwisho huku tunatembea.